Kumwandaa Maksai wa Kulimia Kabla Mnunuzi Hajafika

Wengi wanaoanza kuuza maksai huku Magu, Misungwi na Kwimba, mkoani Mwanza, hudhani kwamba kumwandaa mnyama ni kazi ya asubuhi moja: kumwogesha, kumshibisha na kumfunga kivulini mahali ambapo mgeni atamwona vizuri. Nami nilidhani hivyo. Lakini mtu anayetafuta maksai wa kulimia hanunui nyama. Ananunua nguvu, utii na mazoea ya wanyama wawili kuvuta kwa pamoja, na mambo hayo hayaonekani zizini.

Wateja wa jozi za kulimia huwa wengi mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijashika, yaani wakati uleule ambao malisho yamekwisha na ng'ombe wamekonda. Kwa hiyo anza wiki sita hadi nane mapema. Sisi tulio katika ukanda wa pamba tuna bahati ya kupata mashudu, yaani makapi ya mbegu za pamba zilizokamuliwa mafuta. Yaongeze kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hivi, pamoja na pumba na jiwe la chumvi, kwa sababu tumbo lililozoea mabua makavu huvurugika likipewa chakula kizito ghafla. Wape dawa ya minyoo na usiruke siku za josho, maana ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, haingoji biashara yako iishe. Usilenge kuwanenepesha kama wa machinjioni, kwani maksai mnene mno huhema upesi juani, na mkulima anayejua kazi yake haoni ubaya mbavu za nyuma zikionekana kidogo.

Chakula peke yake hakitoshi. Maksai waliokaa bila nira tangu msimu uliopita huwa na shingo laini na akili ya uvivu. Wafunge nira asubuhi kungali na ubaridi, wavute gogo jepesi kwa nusu saa, kisha uongeze uzito na muda taratibu, na kila mara ukiwafungua upitishe kiganja shingoni kutafuta joto au uvimbe. Ukiona pamechubuka, wapumzishe hadi papone, hata kama mnunuzi yuko njiani.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na jozi yenye maksai mmoja mwenye kidonda cha nira kilichokuwa kinakauka, nami nikakipaka mafuta na masizi ili kisionekane. Mzee aliyekuja kununua alizungumza nami kuhusu mvua kwa muda mrefu, mkono wake ukiwa juu ya nundu ya yule ng'ombe, kisha akaushusha polepole hadi kwenye kidonda, akaninyooshea vidole vyeusi bila kusema neno. Kama ningemweleza tangu mwanzo, nafikiri angepunguza bei tu. Badala yake aliaga, na hakutaka hata kumtazama yule mwenziwe aliyekuwa mzima kabisa.

Siku ya kuonyesha, usiwachoshe mapema ili waonekane wapole, wala usiwanyweshe maji ya chumvi ili matumbo yajae. Hila hizo zinajulikana mnadani kuliko unavyodhani. Acha mnunuzi awakute wametulia, uwafunge nira mbele yake, ili aone kama wanainamisha shingo wenyewe au wanakimbizwa zizi zima. Mwache amfungue mnyama mdomo na kuhesabu meno: ya mbele chini ni manane, na yote yakishabadilika mnyama amefikia miaka minne hivi. Kisha nendeni shambani na plau. Udongo mwepesi wa luseni, yaani wa kichanga, humtosha kila mnyama, basi kama una kipande kigumu zaidi, anzia hapo. Simamisha jozi katikati ya mstari na uiondoshe tena, kwa kuwa maksai mbovu hujulikana wakati wa kuondoka baada ya kusimama, na tena kwenye kugeuka mwisho wa shamba. Halafu mkabidhi mnunuzi plau ajaribu mwenyewe.

Mkikubaliana, pitieni kwa afisa mifugo kupata kibali cha kuwasafirisha, na muandikiane mbele ya mashahidi. Kabla hawajaondoka, mwambie majina yao, maneno unayotumia kuwaondosha na kuwasimamisha, na nani huvuta upande wa kushoto. Akiwabadilisha pande, atapoteza siku kadhaa za kulima akidhani umemuuzia wakaidi.