Andika kilichopo

Siku ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa kumi na moja alfajiri kama mazoea yalivyonizoesha. Nikaoga, nikasimama mbele ya kabati na kanga kifuani, nikakosa nguo ya kuvaa. Na kabati lilikuwa limejaa! Jioni yake binti yangu akanisaidia kuhesabu: sare nyeupe tano, madera tisa ya kushindia nyumbani, mabaibui mawili, magauni manne ya harusi za watu ambayo zipu zake hazipandi tena, na fulana za Siku ya Wauguzi za kila rangi. Nguo ya mwanamke wa miaka 60 anayetoka kwenda sokoni Jumanne, hamna.

Nilikuwa muuguzi miaka 34. Watu wa Tanga wengi wananijua kwa gauni jeupe na baiskeli, na mpaka leo wananiita sista. Sare ina raha yake, nisiwadanganye. Asubuhi huumizi kichwa, unavaa unatoka, na njiani watu wanakupisha. Shida inakuja siku unapoivua ukaulizwa na duka la vitambaa, "Mama unapenda rangi gani?" Mimi niliulizwa nikabaki nacheka kama mwali. Sikuwa najua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Kiinua mgongo kilipoingia tu, nikaanza kuangalia mishono kwenye simu usiku kucha. Nikaagiza magauni matatu kwa mpigo kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, picha zake nzuri ajabu. Yakaja. Moja lilikuwa la kitambaa kama cha mwavuli, la pili lilikwama mabegani, la tatu nilimpa mjukuu wangu wa darasa la saba na lilimkaa sawasawa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayestaafu, au aliyetoka kujifungua, au aliyehama mji: miezi mitatu ya kwanza usinunue kitu. Vaa vilivyopo, uone maisha mapya yanakupeleka wapi. Mimi nilidhani nitakuwa mtu wa sherehe, kumbe nimekuwa mtu wa bustani, soko na madrasa ya kina mama.

Kilichonifungua macho ni fundi. Ngamiani mafundi cherehani hawaishi, barabara zetu za namba kila moja ina wake, na wangu yuko Barabara ya Nane, kijana mdogo tu ambaye mama yake nilimzalisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nataka gauni la kawaida. La kila siku."

Akashusha tepe shingoni, akaanza kunizunguka huku akimsomea mwanafunzi wake aliyekuwa anaandika kwenye daftari la mistari. Kifua arobaini na nne. Bega kumi na sita. Alipofika kiunoni sauti ikakata. Akaiangalia tepe, akaniangalia mimi, akainama karibu na sikio langu.

"Mama, kiuno tuandike ngapi?"

Masikini, wateja wake wamemzoesha. Kumbe wapo wanaomwambia aandike cha mwaka juzi, eti wanapunguza mwili, gauni litawakuta njiani. Nikamwambia, "Andika kilichopo, baba."

Gauni lile, kitenge cha kijani chenye maua ya rangi ya ndimu, lilinikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyovaa miaka ishirini. Nilipolivaa nikaelewa kuwa miaka yote nilikuwa nikimshonea mtu mwingine: yule binti wa mwaka 1983 mwenye kiuno cha nyigu, ambaye hata hakai tena nyumbani kwangu.

Ukienda kwa fundi, kitenge cha pamba kiloweke maji kwanza ukianike, maana kikifuliwa mara ya kwanza hupungua, na kikipungua baada ya kushonwa hasara ni yako. Mwambie aache vidole viwili vya nguo ndani ya mshono kila upande. Mwili utabadilika tena, na nguo yenye akiba ndani unaifungua, huitupi. Mwambie atie mifuko. Atakataa, atasema inaharibu mshono. Shikilia.

Na kwa joto letu la Tanga, vitambaa vinavyong'aa viwachieni wenye viyoyozi. Kukoma hedhi kwa wengi wetu kunakuja kati ya miaka 45 na 55, na lile joto la ghafla linapopanda shingoni ukiwa ndani ya nailoni kwenye daladala, utaomba ushushwe njiani. Pamba inanyonya jasho na inapitisha upepo. Kitani nacho ni kizuri, ila ni adimu na bei yake inauma. (Watu wa hapa husikia kitani wakadhani katani. Katani ni mkonge wetu, uliokulia mashamba ya Tanga tangu 1893, baba yangu kaukata maisha yake yote. Ule ni wa kamba na magunia, hauvaliki.)

Viatu nunua jioni, sio asubuhi. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichokuenea saa tatu asubuhi kitakutesa saa kumi. Wenye sukari wawe makini zaidi, maana ganzi ya miguu inaficha kidonda. Nimeona wodini vidonda vilivyoanza kwa kiatu kizuri cha harusi. Vya kuchuchumia nilivigawa vyote bila majonzi. Siku hizi ni makubadhi.

Sasa nije kwenye sanduku.

Mama yangu alinipa kisutu siku ya harusi yangu. Wa pwani mnaijua, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi. Mwaka ule 1983 nchi ilikuwa haijapumua tangu vita vya Uganda, maduka matupu, hata kanga ilikuwa ya foleni, na mpaka leo sijui mama aliipataje. Kwa sababu hiyo sikuivaa. Niliitunza. Doti nzima, haijakatwa, haijapindwa, ikalala na nafutalini karibu miaka arobaini nikingoja shughuli ya kuifaa. Zikapita harusi za ndugu, akika za watoto, maulidi chungu nzima, na kila mara nikaona shughuli hii haijafika kiwango.

Nilipoifungua, kwenye mikunjo rangi ilikuwa imekwenda. Mistari minne myeupe ikakata kitambaa kama reli, na kwenye mmoja wao nyuzi zikaachia nilipopitisha kidole. Haikuliwa na panya wala haikuchanika kwa kuvaliwa. Iliisha kwa kukunjwa. Nililia kidogo, kisha nikatafuta mkasi, nikaikata katikati, nikazipinda pindo kwa mkono. Kesho yake nikaivaa, moja kiunoni moja kichwani, nikapanda baiskeli kwenda Deep Sea kununua samaki. Muuzaji wangu aliponiona akapiga kelele soko zima likasikia, "Bibi harusi huyo! Leo changu au vibua?" Nikachukua changu. Siku ile kibua kisingefaa.

Kama nawe una ya sandukuni, walau ikunjue kila baada ya miezi michache uikunje kwa mkunjo mwingine. Lakini ni afadhali uivae. Ifue peke yake kwanza, kisutu inachuja na itakutia wekundu hata mashuka.

Mwaka 2023 mume wangu alifariki. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila hina, bila manukato, bila dhahabu. Wapo wanaoiona eda kama kifungo. Mimi sikuiona hivyo. Nilikuwa sitaki kupambwa, na nilishukuru kwamba hakuna aliyenitaka nijikaze. Nguo nazo zina wakati wa kunyamaza.

Ugumu ulikuja baada ya kutoka. Eda iliisha, ila mimi nikaendelea na baibui lilelile lililopauka. Nikijitazama kwenye kioo na kitenge cha kijani nasikia sauti za mtaa: mjane huyu anajirembea nani? Hakuna aliyelisema mbele yangu. Lilikuwa linasemwa kichwani mwangu, na huko ndiko linakosemwa kwa nguvu zaidi.

Aliyenitoa ni wifi yangu mkubwa, dada wa marehemu mwenyewe. Alikuja Alhamisi moja kutoka Pangani na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na udi, kichupa cha marashi, na kikuba kilichofungwa asubuhi ileile, asumini na mrehani bado vibichi. Hakunipa pole, pole tulishapeana. Akawasha kitezo, akachukua lile gauni la kijani akalifukiza mwenyewe, huku anaongea habari za bei ya nazi. Akanibandika kikuba kifuani. Ndipo akasema, "Wifi, kaka yangu hakuoa gunia. Vaa."

Nimelivaa tangu siku hiyo mpaka limeanza kupauka mabegani. Nimegundua pia kuwa bibi mwenye nguo ya kijani na ndimu anasalimiwa na watoto wasiomjua, na madereva wa bodaboda wanamngoja apite. Sijui kwa nini. Sare nayo ilikuwa inanipa hayo, ila hii nimeichagua mimi.

Wanaonilalamikia kwamba kujipamba ni gharama, nawaambia waanze na kilichofichwa: sidiria. Wengi wetu tunavaa saizi tuliyopimwa kabla ya mtoto wa kwanza, au hatukupimwa kabisa. Kifua kinashuka, mgongo unapanuka, na gauni la bei yoyote litakaa vibaya juu ya sidiria mbovu. Huo ndio ununuzi pekee nitakaokushauri ufanye hata kama hela ni ya mkopo. La pili ni kupiga pasi. Dera la kawaida likipigwa pasi, na ushungi ukafungwa vizuri, unatoka nalo mpaka benki.

Wiki iliyopita nilirudi Barabara ya Nane na kitambaa kipya, zambarau safari hii. Fundi akapima. Kiuno kimeongezeka inchi moja, na mwanafunzi wake akaandika bila kuuliza. Gauni nimeahidiwa Ijumaa. Ijumaa ipi, fundi hakusema.