Barua kwa mwanangu: yule mzee wa Nebraska

Mwanangu,

Picha zako nimezipata, na swali lako nimelala nalo siku tatu. Umenieleza kwamba ulitoka Lincoln na wenzako wa chuo mkaenda mpaka karibu na mji wa Beatrice, mkaonyeshwa shamba la Daniel Freeman, anayetajwa Marekani kuwa mtu wa kwanza kupata ardhi chini ya Sheria ya Homestead, ile iliyowagawia watu mashamba ya serikali kwa sharti la kukaa na kulima. Ukasimama penye kaburi lake, kisha ukaniandikia: "Mama, wewe umefundisha historia maisha yako yote. Huyu alikuwa shujaa au mwizi wa ardhi?"

Mimi naanzia kwenye karatasi. Januari 1868 majirani zake wawili walimtolea ushahidi kwamba miaka mitano ameishi pale na kulima, kama sheria ilivyotaka. Yaliyoandikwa siku hiyo yamehifadhiwa. Nyumba ya futi 14 kwa 20, nusu magogo nusu mbao, milango miwili, madirisha mawili. Ekari kama 35 zimelimwa na kuzungushiwa ua. Banda la kondoo lenye urefu wa futi 100. Ghala la mahindi. Mitufaha 40 na mipichi kama 400.

Mipichi 400, mwanangu! Bibi yako kule Lushoto alikuwa na tisa tu, na unakumbuka alivyokuwa akiamka alfajiri kufukuza mbuzi na kumwagilia miche kiangazi. Halafu fikiria ardhi yenyewe: nyasi zinazompita mtu mzima kimo, mizizi yake imesukana chini ya udongo kama mkeka, na plau inavutwa na wanyama. Pale penye kijito cha Cub Creek alibahatika kupata maji na miti. Waliokwenda mbali zaidi magharibi walijenga nyumba kwa mabonge ya udongo na nyasi zake, maana gogo hata moja halikuwapo. Na kiangazi cha 1874 nzige walitua Nebraska wakamaliza mashamba ya watu. Nzige nawajua kwa hadithi za babu yako, sihitaji kuambiwa mara mbili. Jasho la mkulima sitalidharau, liwe la huku au la huko.

Freeman anasimuliwa pia kuwa alikuwa askari, na uanajeshi wake nao haujitengi na shamba. Mabwana wa watumwa wa majimbo ya Kusini mwa Marekani waliipinga sheria ile miaka mingi, kwa sababu mashamba madogo ya watu huru magharibi yangeubana utumwa usienee. Mwaka 1860 Rais Buchanan aliukataa muswada. Kusini ilipojitenga na vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza, wapinzani hawakuwapo tena bungeni, na tarehe 20 Mei 1862 Rais Lincoln akatia saini. Ekari 160, ada ya dola 18 kwa jumla, ukae miaka mitano. Aliyeshika silaha dhidi ya serikali hapati. Baada ya vita, sheria ya 1872 ikawaruhusu askari kuhesabiwa muda wa jeshini ndani ya miaka hiyo mitano.

Freeman mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa askari wa Muungano, yaani upande wa serikali ya Kaskazini, likizo inakwisha, naye akambembeleza karani wa ofisi ya ardhi ya Brownville afungue mlango usiku wa manane, tarehe 1 Januari 1863, sheria ilipoanza kutumika, ili awahi kurudi kikosini. Hadithi hiyo imesimuliwa mno, na hadithi zinazosimuliwa mno mimi huzishika kwa vidole viwili. Nisichokuwa na shaka nacho ni hati: cheti chake cha mwisho, cha kuthibitisha kwamba ametimiza masharti ya shamba, kina namba 1.

Kuna jambo jingine ambalo natamani wangelikuza zaidi. Agnes Suiter, mkewe, alikuwa mchumba wa ndugu yake Daniel, na ndugu huyo akafa vitani. Daniel akamchumbia kwa barua, wakaoana 1865. Nusu ya ile mipichi ni ya mikono yake, lakini cheti kina jina moja. Agnes aliishi mpaka 1931, na amelala hapo hapo kando ya mumewe.

Sasa swali lako. Karatasi ile iliyohesabu hata madirisha haina neno juu ya Waotoe na Wamissouria, wenyeji asilia wa nchi ile. Mwezi Machi 1854 viongozi wao walipelekwa Washington wakatia saini mkataba wa kuiachia serikali nchi yao ya magharibi ya mto Missouri, wakabakiziwa kipande kando ya mto Big Blue. Miaka tisa baadaye Freeman akajaza fomu juu ya "ardhi ya umma". Hakumpokonya mtu jembe mkononi, na mwizi simwiti. Wizi ulikwisha kufanywa kwa kalamu, juu mezani, kabla hajafika.

Lakini shujaa pia siwezi kumwita, kwa sababu hawa hawakuwa watu wa kale waliokwisha kutoweka. Kipande chao kilikuwa kusini mwa wilaya ile ile ya Gage. Walikuwa jirani zake miaka kumi na minane. Alipokuwa akichuma matunda, wao walikuwa wakibanwa wauze hata hicho kilichobaki, na mwaka 1881 wakahamishiwa kule ambako leo ni Oklahoma. Sheria iliyompa Freeman ekari 160 iligawa mashamba zaidi ya milioni 1.6, ekari kama milioni 270, na karibu kila moja lilikuwa na wenyewe.

Umenitumia picha ya ua wa miti yenye miiba ukasema umekukumbusha michongoma ya kwa bibi. Mzee Freeman aliupanda kuzuia mifugo na kuonyesha mpaka. Nimeitazama picha hiyo kuliko ile ya kaburi.

Ukipata nafasi tena, usiishie Beatrice. Fuata Big Blue kusini mpaka Barneston, karibu na mpaka wa Kansas. Hapo ndipo kilipokuwa kijiji cha Waotoe. Unipigie picha za huko, na uniambie kama kuna mti wowote wa zamani uliosimama.

Mama yako