Pengo Peke Yake Si Usumaku

Wiki hii nimekuta picha ya ARPES (ramani ya nishati za elektroni ndani ya fuwele) imebandikwa kwenye friji ya maabara. Koni ya Dirac, yaani umbo la nishati za elektroni za uso, imekatika katikati, na chini yake kalamu nyekundu: "PENGO!!!" Nikauliza ilipimwa kwenye joto gani. Kelvini 6. Na juu ya Tc, joto ambalo usumaku hufa, je? Kimya. Basi wadogo zangu, nimechoka kusema kwa mdomo, naandika: jinsi ya kukuza na kupima utando wa kihami cha topolojia (ndani hakipitishi umeme, usoni kinapitisha) chenye manganizi ya kukipa usumaku.

1. Teluri iwe tele. Mkondo wake uzidi wa bismuthi mara kadhaa. Ya ziada itaruka yenyewe, kibebeo, yaani bamba tunalokuzia utando, kina moto wa kutosha.

2. Mkinyunyiza manganizi (Mn) juu ya Bi2Te3, kihami chetu cha bismuthi na teluri, msidhani inabaki juu. Ikipata joto na teluri, jozi ya Mn na Te inajipenyeza katikati ya tabaka la atomi tano kama abiria wa mwisho kwenye siti ya nyuma ya daladala. Wengine wanasogea, na mnapata tabaka la saba: Te-Bi-Te-Mn-Te-Bi-Te. Unene unatoka kama nanomita 1 hadi karibu 1.4. Raha yake ni kwamba fuwele inaendelea bila mshono, kwa hiyo elektroni za uso wa kihami zinakutana na sumaku ndani ya nyumba yao wenyewe. Mistari ya RHEED (picha ya elektroni zinazodunda kwenye uso wa fuwele inapokua) ikianza kuwa madoadoa, simamisheni. Kuna kijana (anajijua) aliendelea kukuza usiku kucha akitumaini madoadoa yatajirekebisha. Hayajirekebishi. Na hata sampuli nzuri ina Mn zilizokalia nafasi za Bi, kwa hiyo neno "kamilifu" lifuteni kwenye ripoti.

3. Pengo. Hapa nitasema ya kwangu, maana ndiyo yaliyonipa mvi. Tulikuwa sinkrotroni, ile mashine kubwa ya mwanga mkali wa kupimia, na Bi2Se3 (seleni badala ya teluri) yenye manganizi. Ratiba niliiandika mwenyewe: saa za mwisho ni za kupasha sampuli, tupime tena juu ya Tc. Pengo likatokea pana, safi, la kuvutia macho. Nikasema ngoja niongeze muda wa kupima hapa hapa kwenye baridi, picha ipungue chenga. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Zamu ikaisha, wenzetu wa kundi lililofuata wamesimama mlangoni na masanduku yao, na mimi sijapasha hata nyuzi moja.

Nikarudi nyumbani na slaidi zenye maneno "pengo la usumaku" kwa herufi kubwa. Mkutanoni mzee mmoja wa safu ya mbele akauliza kwa upole kabisa: "Na kwenye joto la chumba?" Nikaanza kueleza habari za ratiba. Hakunikatiza, jambo lililokuwa baya zaidi. Tulipopata tena muda wa mashine, tukapasha: Tc ilikuwa imepitwa zamani, pengo liko pale pale, halijatikisika, maana yake halikuwa la usumaku. Na makala ya 2016 kuhusu (Bi,Mn)2Se3 ilikuwa imeshatoka, ikionyesha pengo la kama milielektronivolti 200 linalodumu hadi joto la chumba, wakati usumaku wenyewe unakufa kwenye Kelvini 10 au chini yake. Niliwahi kuisoma. Nakala yangu hata nilikuwa nimeipigia mstari!

Kwa hiyo: pasheni kwanza, pambeni picha baadaye.

4. Spini, yaani visumaku vidogo vya atomi za manganizi, zinaelekea wapi? Zikilala sambamba na uso, kwa kawaida koni inasogea tu pembeni. Zikisimama wima ndipo pengo linafunguka kwenye nukta ya Dirac. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba Bi2Te3 yenye manganizi hujipanga yenyewe kuwa tabaka za tano na za saba, spini wima, na pengo la takriban milielektronivolti 90 kwenye baridi ambalo linafungika juu ya Tc. Ndugu yake wa seleni anajipanga vilevile, lakini spini zake hupenda kulala. Ndiyo maana nawaambia XMCD (kipimo cha usumaku kwa eksirei) si anasa: pimeni kwa pembe mbili, wima na kwa kulalia, kabla hamjanipigia simu usiku.

5. Kofia ya teluri, ile inayolinda uso wa sampuli kabla ya kupima, iondoeni kwa kupasha taratibu, jicho kwenye RHEED. Mistari ikirudi, zimeni hita. Msingoje ing'ae zaidi, maana kwenye joto hilo manganizi nayo inaanza kuhama.

6. Andikeni joto la kupimia kwenye jina la faili.