Ulevi barabarani: kosa huwa kubwa lini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu aliolewa na kijana wa Kikongo aliyekuwa akiishi katika kambi ya Nyarugusu, kisha wakahamishiwa Marekani, jimbo la Texas. Hivi karibuni shemeji amekamatwa akiendesha gari akiwa amelewa, na mtoto wao wa miaka sita alikuwa kiti cha nyuma. Hakugonga mtu wala hajawahi kushtakiwa, lakini ameambiwa kosa lake ni kubwa. Kwa nini asilipe faini yakaisha?
Msomaji, Kasulu, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, poleni sana. Aliyoambiwa shemeji yako ni kweli. Sheria za Marekani hutenganisha makosa madogo ya jinai, ambayo kifungo chake kwa kawaida hakizidi mwaka mmoja, na makosa makubwa, ambayo adhabu yake huvuka hapo. Anayekamatwa kwa ulevi barabarani kwa mara ya kwanza huwekwa kwa kawaida katika fungu dogo, na kinachompandisha mara nyingi si wingi wa pombe aliyokunywa bali mambo yaliyoambatana nayo: hukumu za nyuma, mtu aliyeumia au kufa, au mtoto aliyekuwamo garini.

Hilo la mwisho ndilo lililomfika. Katika Texas, dereva mlevi aliyepakia abiria wa chini ya miaka 15 ana kosa kubwa hata kama ni mara yake ya kwanza, na adhabu yake ni kifungo cha siku 180 hadi miaka 2, pamoja na faini inayoweza kufika dola 10,000. Kwamba mtoto alishuka bila hata mkwaruzo hakubadilishi shtaka, kwa sababu kinachoadhibiwa ni ile hatari aliyowekwa, na kwa maoni yangu sheria hiyo ina haki, maana mtoto wa miaka sita hawezi kukataa kupanda gari la baba yake. Hakimu anaweza kumpa kifungo cha nje chenye masharti, lakini faini peke yake haifuti kesi.

Kila jimbo lina hesabu yake. Texas kosa la tatu huwa kubwa, hata kama hukumu za kwanza ni za miaka mingi iliyopita. New York ni la pili ndani ya miaka 10. California ni la nne ndani ya miaka 10.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ukaazi wake. Mwaka 2004, katika kesi ya Leocal, mhamiaji kutoka Haiti, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kulewa na kujeruhi watu kwa gari bila kukusudia si kosa la ukatili la kumfukuzisha mtu nchini. Hata hivyo, sheria ya uhamiaji ina kifungu kingine kuhusu wanaodhulumu au kutelekeza watoto, na wakili lazima alipime shtaka hili kwa kifungu hicho. Kwa hiyo shemeji asikubali kosa kwa haraka ili arudi kazini. Tangu mwaka 2010, kwa uamuzi wa kesi ya Padilla, wakili wa utetezi anawajibika kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kunaweza kumwondoa nchini, na asiye na uwezo wa kumlipa wakili huwekewa mmoja na mahakama.

Mpigie mdogo wako, asome namba ya kifungu kwenye hati ya mashtaka: 49.04 ni ulevi wa kawaida, 49.045 ni ulevi ukiwa na mtoto garini.