Pima vyuma vyako kwanza

Jimu ninayofanyia mazoezi hapa Busia ni kibanda cha mabati nyuma ya gereji. Fimbo ni bomba la chuma, vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, na kila kopo limeandikwa kwa brashi: 10, 15, 20.

Aprili mwaka jana nilianza kuchuchumaa na kilo 30 mabegani. Kufikia Agosti nilikuwa kwenye 60. Jioni moja vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa ukutani wakitazama, nikaruka hadi 80. Kushuka nilishuka vizuri. Kupanda, kiuno kikalia "kwa!" na kwa wiki tatu nikawa navaa soksi nimelala chali.

Mzee mmoja mpagazi, anayeshusha magunia kwenye malori yetu, hakunipa hata pole. "Mwanangu, ulibeba gunia au ulibeba macho ya watu?"

Niliporudi niliazima mizani ya muuza mahindi nikapima makopo yote. "10" moja lilikuwa na kilo 8 na nusu, mwenzake 11. Si ajabu: kopo la lita 4 likijaa zege hukaribia kilo 9 na nusu, kutegemea mkono wa fundi. Na ile 80 yangu ya sifa? 74. Yaani niliumia kwa uzito ambao hata haukuwepo.

Basi nikaanza upya na 40. Kila wiki niliongeza kilo mbili tu: mfuko wa mchanga wa kilo moja kila upande, nikiukaza kwa mpira wa tyubu usibembee. Walinicheka sana. Nilifanya raundi tatu, marudio matano kila raundi. La tano likitoka safi, wiki ijayo naongeza. Magoti yakiingia ndani, narudia uzito uleule. Nikishindwa mara mbili, napunguza sehemu moja ya kumi. Misuli huwahi kupata nguvu, kano huchelewa, na pupa huziumiza kano. Kula ni posho (ugali), maharage na mukene, yaani dagaa. Sina siri nyingine.

Kilichonibadilisha hasa ni daftari. Kuandika kwa mkono wako mwenyewe "58, nimeshindwa la nne" si mchezo, hasa kwa mtu kama mimi niliyezoea kujisifu. Mimi ni karani wa mizigo, na zamani magunia yakipungua nilificha hadi mwisho wa mwezi nikiomba Mungu hesabu ijipange. Siku hizi namwambia bosi jioni ileile. Hafurahi, lakini nalala.

Machi mwaka huu nilifika 80, safari hii ya mizani. Ukutani hakukuwa na mtu.

Mwenye jimu ameniruhusu kufuta namba za zamani na kupaka mpya. Nimemaliza makopo sita. Lile nililoliandika 8½ hakuna kijana anayetaka kuonekana nalo.