Mtoto mtulivu nyumbani, vipi darasani?

Wiki hii mmetuuliza: je, mzazi mkali ndiye anayepata mtoto mwenye nidhamu shuleni? Nafundisha madarasa ya mwanzo, na jibu langu ni hapana. Ukali unaleta utii, lakini mara nyingi utii huo unadumu pale tu mzazi anapoonekana.

Kuna mtoto ambaye nikipita karibu na dawati lake hufunika daftari kwa mkono. Akikosea jibu, hulifuta mpaka karatasi inachanika. Muhula mzima hanyooshi kidole kuuliza. Kwao anasifiwa kwa utulivu. Mimi namwona mtoto anayeogopa kukosea, na kusoma bila kukosea hakupo.

Sisemi basi aachiwe afanye atakavyo. Miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind alitofautisha mzazi wa mabavu, mzazi anayedekeza, na mzazi mwenye msimamo: huyu huweka sheria, hueleza sababu yake na humsikiliza mtoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987, uliohusisha maelfu ya wanafunzi wa sekondari wa eneo la San Francisco, ulionyesha kuwa waliolelewa kwa mabavu na waliodekezwa, wote kwa jumla walipata alama za chini. Waliokuwa na wazazi wenye msimamo ndio walioelekea kufanya vizuri.

Na kudekeza nako kunafundisha. Baba anasema, "Zima televisheni." Mtoto anaangua kilio. Baba kachoka: "Haya, endelea." Hapo wamejifunza wote wawili: mtoto kwamba kilio kinafaa, baba kwamba kukubali kunaleta kimya. Kesho darasani mtoto huyo anaambiwa asubiri zamu yake, anajitupa chini. Tunamwita mtundu, kumbe anatumia njia iliyomfaa jana.

Tusiwabebeshe wazazi kila kitu, lakini. Wapo watoto wagumu tangu uchanga, na mzazi mpole anaweza kugeuka mkali kwa kuchoshwa na mwanawe. Ndiyo maana inaniuma nikisikia mwalimu anamsema mzazi mbele ya watu. Mara nyingi hasira ile inakwenda kumwangukia mtoto. Mimi nikimwita mzazi kuhusu kosa, naanza na jambo zuri ambalo mtoto amelifanya wiki hiyo. Kisha, kabla hajaondoka, tunakubaliana atamwambia nini mwanawe jioni.