Mkipanda Lushoto na Watoto Mwezi wa Saba

Sisi wa Tanga mjini tukisema baridi tunamaanisha upepo wa kusi: unavuta shuka, usingizi unanoga. Ndiyo maana mara ya kwanza kuwapandisha wanangu Lushoto likizo ya katikati ya mwaka, niliwafungashia sweta mojamoja nikaona nimemaliza. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6. Zile kona za kutoka Mombo, chini ya mlima, zinakuhamisha hali ya hewa kabisa.

Siku ya pili tulikwenda kwa miguu Irente, ukingoni mwa mlima. Asubuhi jua lilikuwa kali, wakavua sweta, wakakimbia mpaka fulana zikalowa jasho. Mchana ukungu ukashuka na manyunyu juu yake. Kitindamimba wangu, mtoto wa miaka mitano asiyeisha maswali, akanyamaza. Nikadhani ni uchovu. Nikampa andazi, vidole vikashindwa kulishika.

Nilikuwa namvisha sweta juu ya fulana ile ile. Mama mmoja wa Kisambaa aliyekuwa akitoka shambani akasimama: "Mvue kwanza hiyo ya ndani, mwanangu. Unamfunika na maji yake."

Nikamvua, nikamkausha kwa kanga, nikamkumbatia kifua kwa kifua ndani ya koti langu. Ilichukua muda. Hatimaye akauliza andazi lake liko wapi.

Mtoto hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima kwa sababu mwili wake ni mdogo. Akinyamaza ghafla, akijikwaakwaa au akisinzia barabarani, msimame hapo hapo. Na akiwa hatetemeki tena ilhali bado ni wa baridi na amelegea, huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Siku hizi kila mtoto ana fulana kavu na soksi za akiba ndani ya mfuko usiopitisha maji. Sweta za sufu na boshori nanunua mitumbani. Na pale Irente jabali linakatika ghafla, kwa hiyo ukungu ukitanda, ukingoni hatusogei.

Ila kinachonitia hofu kuliko mlima ni jiko la mkaa chumbani. Usiku ule mhudumu wa tulipofikia alituletea moja, kwa wema kabisa, tulale nalo. Makaa yakishakuwa mekundu hayana moshi, na hapo ndipo watu huyaamini. Yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Nakuomba, jiko lisivuke kizingiti.

Tuliliota barazani, tukachoma mahindi, tukaliacha huko huko. Ndani tulibanana kitanda kimoja, mablanketi mawili, na chupa ya maji ya moto niliyoizungushia kanga kupasha shuka. Niliitoa kabla hawajapanda kitandani, maana kizibo kikilegea usiku, maji yatawaunguza.